Mchumba Wangu Alimwita Mama wa Watu Mwizi kwa Kosa la Programu Yake

Admin, nifichie jina, hapa Bunia tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nane, naishi mtaa wa Bigo, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Mchumba wangu ndiye mkuu wangu ofisini. Jumamosi hii familia yake inaleta dot kwetu, yaani mahari, nami hata kumtazama sitaki.

Aliandika programu ya kuwapa waliokimbia vita namba za kupokelea chakula. Simu kadhaa zinaomba namba kwa mashine moja. Kihesabio chake hakina ulinzi: simu mbili zikiomba kwa pamoja, zote zinasoma hesabu ileile, zinaongeza moja, na watu wawili wanatoka na namba moja. Dawa yake inajulikana: anayehesabu afunge mlango kwanza, mwenzake angoje. Katika Java, lugha tunayoandikia programu, ni mstari mmoja tu. Nilimwambia mapema, akasema namletea mambo ya shuleni.

Basi mama mmoja aliyekimbia vita kule Fataki alifika na namba ambayo mwingine alikuwa ameshapokelea chakula. "Miye sikuiba, mutoto yangu," aliniambia, "hii jeton walinipatia hapa hapa." Mchumba wangu akaipasua ile karatasi ya namba mbele ya umati, akamwita mwizi, akafuta jina lake. Sasa yeye na watoto wake hawapati hata kikombe cha unga.

Nilimvuta pembeni mchumba wangu, nikachukua simu mbili, nikabonyeza kwa pamoja mpaka namba zikatoka pacha. Nilitegemea aone haya. Alikuwa anakula sambusa, akajipangusa mafuta kwenye suruali.

"Nilijua," akasema. "Nitarekebisha pole pole. Ule mama, nani atamusikiliza? Ukisema, ni miye watafukuza. Weye uko bibi yangu ao avoka yake wa kumutetea?"

Kumbe aliipasua akijua. Ptuu.

Mama yangu anasema mwanaume mwenye kazi haokotwi njiani, nifunge mdomo mpaka harusi ipite. Mdomo huohuo ndio nimbusu nao?

Jana nilimwona yule mama sokoni, nikamfuata nimsalimie. Akarudi nyuma. "Madame, usisimame na miye. Watasema weye pia uko mwizi."

Nishaurini, ndugu zangu. Nikimripoti, yeye hana kazi nami sina ndoa. Nikinyamaza, nitalala na mtu huyu maisha yangu yote. Nifanye nini?