Tangazo Letu la Ndoa Ubaoni Bomani

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kitahana, wilayani Kibondo, nikikaa na mama yangu mjane. Mchumba wangu alikuwa seremala Kasulu. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, naye alikulia upande huu, akalima, akasali na kujifunza kazi huku. Kiha chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akinicheka nikikosea, kisha ananisubiri nami nicheke.

Tulipomwambia baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, kwamba tunataka kuoana, aliweka kikombe chini akasema polepole, "Ukiolewa na mkimbizi, uraia wako umekwisha. Watakupeleka kambini. Na shamba la kahawa la baba yako halitakuhusu tena."

Alisema kwa uhakika kiasi kwamba sikulala vizuri wiki nzima. Baada ya siku chache alirudi na karatasi iliyopigwa taipu. Alimwambia mama aweke dole gumba, na mimi nitie sahihi, ili shamba "libaki salama kwenye ukoo". Mama hakujua kusoma. Alimtazama, akaniangalia mimi, akasema amejikata kidole akimenya mihogo. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye dole gumba. Mimi nikasema nitaisoma kwanza. Baba mdogo akaiacha mezani, akaahidi kurudi kidole kikipona.

Alipoondoka nilitaka kuliosha jeraha. Mama akafungua kitambaa. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa amekifunga alipomwona akikata kona na karatasi mkononi.

"Kitapona lini?" nikamuuliza.

"Utakaponiambia kilichoandikwa humo, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha.

Nilisoma nikaelewa nusu tu. Kibondo wakati huo hatukumjua wakili hata mmoja. Mchumba wangu akaniletea habari kwamba kuna wakili mwanamke anayekuja Kasulu mara kwa mara kwa ajili ya kesi za mahakama ya wilaya, na jioni hupokea watu kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni anapofikia. Shule zilipofungwa nikapanda lori la mizigo, nikakaa juu ya magunia ya maharage, maswali yangu yakiwa yameandikwa kwenye daftari kwa namba, kama mtihani.

Wakili alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akimenya karanga. Nilimwamkia shikamoo, akanipa karanga mimi na mchumba wangu, kisha akasema, "Haya mwalimu, swali la kwanza."

"Nikiolewa naye, ninapoteza uraia?"

"Hapana. Kuolewa hakukunyang'anyi uraia. Ungeupoteza kama ungeomba mwenyewe uraia wa nchi nyingine ukaupata." Akamgeukia mchumba wangu. "Na wewe, mwanangu, kuoa Mtanzania hakukufanyi Mtanzania siku hiyohiyo. Karatasi zako zitunze. Ukitaka kuomba, nenda uhamiaji mwenyewe. Usinunue karatasi kwa mtu wa sokoni."

Niliuliza kama baba mdogo anaweza kuzuia ndoa. Akasema anaweza kuweka pingamizi, lakini lazima liwe na sababu ya kisheria: mmoja wenu ana ndoa nyingine, mna undugu wa karibu, umri haujatimia. Kumchukia mkwe hakumo. Hata mahari isipokamilika, ndoa ni ndoa.

Kisha akasoma ile karatasi. Aliacha kutafuna. "Hapa mama yako anakubali kwamba hana haki yoyote kwenye shamba alilolima na mumewe. Amesaini?"

"Kidole kinamuuma," nikasema, nikamweleza.

Alicheka mpaka akavua miwani. Alipotulia akasema maneno niliyoyaandika nyuma ya daftari: "Kufunga ndoa hamnihitaji. Nendeni bomani, karani atawaeleza. Nitafuteni mimi mtu akiwaletea karatasi ya kusaini msiyoielewa, au mkipata wito wa mahakama. Na mje kabla ya kusaini. Wengi huja baadaye."

Tulirudi Kibondo pamoja, tukiimba juu ya magunia.

Tangazo letu likabandikwa ubaoni bomani Kibondo kwa siku ishirini na moja. Nilikwenda kulisoma mara nne. Siku zilipokaribia kwisha, tulikuwa pale na mama tukiulizia saa ya kufunga ndoa, baba mdogo akaingia amevaa koti lake la kanisani, akasema ana pingamizi. Karani akampa karatasi tupu na kalamu.

"Andika sababu, mzee. Itapelekwa mahakamani, utaitwa uieleze chini ya kiapo. Ukiandika uongo, hilo nalo ni kosa."

Baba mdogo akairudisha kalamu mezani. "Mimi nilikuja kuuliza tu siku ya sherehe," akasema.

"Ijumaa," akajibu mama.

Ijumaa karani alihitaji mashahidi wawili. Mama akajitokeza wa kwanza, akafungua kitambaa, alichokuwa akikifunga tena kila baba mdogo alipokuwa karibu, akakifungua mbele yake bila haraka, akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye cheti changu cha ndoa. Baba mdogo akaangalia dari. Ile karatasi yake hakuiulizia tena, na kahawa mama aliendelea kuichuma mwenyewe.

Wakwe walifika kutoka Kasulu na ngoma, na pombe ya ndizi kwenye madumu. Mama mkwe alimsalimia baba mdogo kwa Kirundi, naye akajibu kwa Kiha, wakaelewana kila neno. Baba mdogo akauliza habari za ng'ombe wao. Baba mkwe akamsogezea kigoda. Walizungumza ng'ombe mchana kutwa: pembe, maziwa, majani, na fahali mmoja wa baba mkwe aliyewahi kuingia kanisani wakati wa mahubiri. Nilipopita na sahani ya nyama nilimsikia baba mdogo akisema Jumapili atakwenda Kasulu kumwona huyo fahali.

Mume wangu akanishika mkono akanivuta kwenye duara la wachezaji. Nilikosea hatua, akanicheka.