Mwiko wa Korongo

Nilipokuwa mtoto, mtaani Baghdadiya mjini Jeddah, bibi yangu mzaa mama alikuwa na miiko chungu nzima, lakini mmoja tu ndio uliowahi kutuahirishia safari. Alisema korongo wakiwa bado wanapita, mtu hafungi begi. Akifunga, harudi tena alikotoka.

Korongo hao walikuja kila baridi ilipokwisha, makundi kwa makundi, wakitokea upande wa Afrika na kwenda kaskazini. Mwaka ninaousema, masharti ya ikama, kile kibali cha mgeni kukaa nchini, yalikuwa yamebadilika, na baba aliamua mimi na mama turudi Unguja, yeye abaki kazini. Bibi, aliyehamia Jeddah tangu usichana wake, angebaki kwa mjomba.

"Wacheni wapite kwanza," alisema, akayafungua mabegi yetu.

Baba alinung'unika, lakini safari akaisogeza. Mama hakubisha, nami nilishangaa, maana hakuna aliyeicheka miiko ya Bibi kama yeye. Wanawake walikuwa ndiyo kwanza wameruhusiwa kuendesha gari, naye leseni yake ilikuwa mpya. Kila alasiri alitupakia hadi ufukweni, tukakaa na chupa ya chai, tukitazama juu. Nilizipenda mno alasiri zile.

Makundi yakapungua, hadi siku moja mbingu ikawa tupu. Macho ya Bibi yalikuwa hafifu.

"Bado wapo?" akauliza.

"Wapo, mama. Tele," mama akamjibu.

Nilitaka kusema hawapo, mama akanifinya paja. Kesho yake tukarudi tena, na siku zilizofuata, kutazama ndege ambao hawakuwapo.

Sasa naishi Unguja, na nimewauliza wazee wengi kuhusu mwiko ule. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia. Nadhani Bibi aliutunga mwenyewe, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwambia bintiye asiende. Nampenda zaidi kwa hilo.

Alasiri ya mwisho, mama alipoanza tena kumsimulia korongo wake, Bibi alimshika mkono.

"Halas, basi tena, mwanangu. Wamekwisha siku nyingi, hata mie naona. Twende nikakufungieni mabegi."

Mama aliendesha huku akilia njia nzima, na Bibi akawa anamsifu tu anavyokata kona. Mimi, kiti cha nyuma, nilidhani wamegombana. Ilinichukua miaka kujua kwamba walikuwa wakiagana.