Selotepu kwenye Kanda ya Harusi

Saa tatu asubuhi, katika chumba chake cha kazi Area D jijini Dodoma, Sikudhani Hassani anapangusa vumbi kwenye kanda ya video kwa pamba. Mteja wake, Raheli Ndahani, anamtazama mikono kama mtu anayetazama kidonda cha mwanawe kikishonwa.

"Kaa, mama. Umetoka Kongwa alfajiri yote hiyo."

"Nitakaa nikimsikia baba," Raheli anajibu.

Kanda hiyo ni ya harusi ya kaka yake, mwaka 1998. Ndani yake baba yao, aliyefariki mwaka uliofuata, anatoa nasaha. Jumamosi hii anaolewa Erica, mjukuu ambaye hajawahi kuisikia sauti ya babu yake. Raheli anataka aisikie ukumbini.

Sikudhani anaigeuza kanda. Ukingoni kuna kipande cha selotepu.

Anakijua kipande hicho. Kanda za zamani zilikuwa na kijiplastiki pembeni. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu ya kilichomo. Lakini kanda mpya zilikuwa ghali, na kila nyumba ilijua ujanja wake: ziba tundu kwa selotepu, rekodi upya.

Hata yeye alifanya hivyo. Mwaka 2001, akiwa na miaka ishirini na minne, alirekodi filamu juu ya harusi ya dada yake Mwanamvua. Mama yao alikuwa humo, akicheka. Miaka mitano baadaye mama akafariki.

"Nilifuta kicheko cha mama yangu kwa filamu ambayo hata mwisho wake siukumbuki," anasema. "Ndiyo maana nafanya kazi hii. Sitaki mwingine ayabebe haya."

Tangu 2016 ameokoa kanda 340. Nyingine 61 zilimshinda, zimeliwa na ukungu au zimekatika. Kanda ya saa tatu humchukua saa tatu, kwa hiyo siku nzuri anamaliza mbili tu, kwa shilingi elfu kumi na tano kila moja.

Anaiingiza kanda kwenye deki iliyounganishwa na rekoda ya kidijitali. Picha inatikisika. Badala ya harusi, wanaume wanakimbiza mpira.

"Mazengo!" Raheli anashika kichwa. Mazengo ni mwanawe wa kwanza. "Huyu mtoto na mpira wake! Ana ndevu sasa, lakini leo nitamchapa."

"Subiri, mama. Tusiizime."

Dakika kumi. Ishirini. Kipindi cha pili kinaanza. Raheli ameinamisha uso kwenye khanga. Sikudhani hagusi kitufe chochote.

Dakika ya hamsini na tatu, mpira ukiwa hewani, picha inakatika. Michirizi. Kisha mzee mwenye koti kubwa anatokea, katikati ya maneno:

"...na mtu asiniletee mbuzi aliyekonda akasema ni ukame. Ukame wa kwangu mbona haukondeshi mbuzi?"

Ukumbi wa mwaka 1998 unaangua kicheko. Raheli anakaa.

"Umeme ulikatika!" anasema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Nimekumbuka, Mazengo alilia usiku kucha. Kumbe TANESCO walimkatizia mpira ili baba aseme."

Mwanzo wa nasaha haupo tena. Zilizobaki ni dakika kumi na moja, na zote zimeingia kwenye rekoda. Sikudhani anazipeleka kwenye flashi tano, na ya tano ni safi sawa na ya kwanza. Enzi za deki, kila nakala ilizidi kufifia. Na Erica akitaka kumsikia babu tu, atabonyeza mara moja, bila kurudisha kanda nyuma.

"Huo mpira ufute, mwanangu."

"Sifuti kitu, mama. Humu kipya hakikai juu ya cha zamani, kinakaa pembeni yake. Mpe Mazengo mechi yake, amalize kulia."

Deki imebaki moja, na vipuri vyake havipatikani. Baada ya mavuno, Sikudhani atapanda nayo basi hadi Kongwa akae mwezi mzima, aokoe kanda za huko kabla deki haijafa. Raheli amempa chumba.

"Niandalie watu, mama. Waambie walete hata zilizozibwa."

Kabla ya kumrudishia kanda yake, anapenyeza ukucha chini ya selotepu, anaibandua, na kuitupa.