Alipita kwa Nani?

Wifi yangu, anayemtunza nyanya kule Gesima, alinipigia simu nikiwa kazini Nyamira mjini. Nyanya alikuwa na siku ya tatu hajala. Uji aliutema, ndizi alizisukuma, na sasa aliomba kitu kimoja tu, kwa neno ambalo wifi hakulijua. Alinitamkia alivyolisikia. Rafiki yangu, nilikaa chini. Tangu utotoni sikuwa nimelisikia neno lile kinywani mwa mtu.

Lilikuwa jina la nyama ya paa, na la nyama hiyo peke yake. Ng'ombe wa buchari alikuwa nyama tu. Neno hili lilizaliwa na kukimbiza, kama Kiswahili kinavyopata windo kutoka kwa kuwinda: nyama iliyomtoa mtu jasho. Basi hapa nitaliita windo. Lile lenyewe la Kigusii silitaji, na sababu utaiona.

Siku hizo chai ilikuwa haijafunika kila kitu. Palikuwa na kichaka kando ya kijito, na babu alikuwa na mbwa wawili wembamba wenye kiburi. Labda mara mbili kwa mwaka tulisikia mbwa wakibweka, halafu kimya, halafu mluzi wa babu, nasi watoto tukaacha kuchuma chai na kutimua mbio. Nyanya alikuwa Msabato kindakindaki, sungura hakuvuka kizingiti chake. Lakini paa ameruhusiwa kwenye Kumbukumbu la Torati, kwa hivyo alinoa kisu huku akiimba. Ee, ile nyama ikining'inia juu ya moshi wa meko! Ugali wa wimbi, mboga chungu za chinsaga pembeni! Hata sasa mate yananijaa.

Lakini hakuna aliyeonja kabla ya swali lake. "Alipita kwa nani?" Babu alitaja kila shamba ambalo paa alilikatiza akikimbia, na kila shamba lilipata kipande chake, tukakipeleka sisi watoto kwa jani la mgomba. Kuna siku tulibaki na kichwa na mchuzi, tukalia. Nyanya hakutubembeleza. "Isiyopita kwa watu si windo," alisema, "ni wizi." Na jambo jingine alilotukataza: usilitaje jina hilo mbele ya chungu kitupu, utawatesa walio na njaa.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa akilitaja mbele ya chungu kitupu. Nilijua alikuwa akituaga, nikaogopa.

Nilitafuta kama mwendawazimu. Niliuliza Gesima, nikauliza kwa simu, nikafika hadi soko la Nyamache. Muuza nyama mmoja alinicheka. "Paa ninalolijua mimi ni la mabati, dada. Ama unataka nifungwe?" Nilinunua mbuzi, Mungu anisamehe, nikamkausha juu ya meko tangu asubuhi hadi macho yakaniwasha, nikampelekea nyanya kitandani.

Alinusa. Macho yakafunguka. "Alipita kwa nani?"

Ningemtaja nani? Mashamba yote yamezungushiwa waya, na jirani wa chini, mwenye shamba lililo chini ya letu, tuko naye kortini kwa sababu ya mpaka. Nyanya alifunga mdomo. Nilimsihi, "Nyanya, kula tu, tafadhali, kula hata kidogo." Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Wapi! Mdomo haukufunguka.

Nikakata majani ya mgomba. Nilizunguka na viatu vyangu vya ofisi katika matope, boma kwa boma, na majirani watatu walipokea huku wakinishangaa. Jirani wa chini nilimwacha wa mwisho, kwa woga.

"Mmeniletea sumu?" aliuliza.

"Nyanya ametuma. Paa alipita kwako."

Alijua vizuri kwamba hakuna paa. Lakini yeye na mimi ni wa rika moja, na mama yake alikuwa akipokea jani kama lile mikononi mwangu. Alilifungua, akala palepale amesimama, akapangusa midomo. "Mwambie amepita."

Nilirudi mbio. Nilimtajia nyanya majina yote manne, na la jirani wa chini nikalirudia mara mbili. Akafungua mdomo. Alitafuna polepole sana.

"Mbuzi," alisema. Akameza.

Kipande cha pili alikikataa, na hakula tena. Wiki iliyofuata tulimzika.

Kile kichaka ni chai tupu sasa hadi ukingoni mwa maji. Mbwa hakuna, babu hayuko, na kesi ya mpaka itasikizwa tena mwezi ujao. Naumia, sitaficha. Najiuliza kama ningeanza na majirani kabla ya kuhangaika sokoni, angekula siku mbili zaidi, tatu zaidi. Nani ataniambia?

Siku ya mazishi, binti mdogo wa jirani wa chini alinivuta nguo. Alitaka kujua ile nyama ya kwenye jani, ambayo baba yake alikula amesimama, inaitwaje. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nilitazama jikoni kwa nyanya, kwenye meko yaliyopoa na chungu kitupu kilichofunikwa kifudifudi, nikamwambia ni mbuzi.