Mkono wa Mithika na Fahali Aitwaye Askofu

Kura zote zilizowahi kupigwa hapa Kibugu, Mithika alizishinda. Si kwamba aliwahi kugombea kiti, la. Alikuwa na mkono wa kulia uliojua kungoja. Mwenyekiti akisema "wanaokubali," Mithika angekuna sikio, akohoe kidogo, atupe jicho kwa wakulima wa chai upande huu na kwa kina mama wa kwaya upande ule, na akiona mikono imekuwa msitu, wa kwake nao unachipuka. Kanisani tulipochagua rangi ya paa, alishinda. Shuleni tulipomkataa mwalimu mkuu, alishinda. Tulipomwomba arudi, Mithika alishinda tena.

Usimcheke upesi. Yeye ni Mmeru wa Kaaga. Alikuja huku Embu kutandaza mabomba ya maji, akamwona Cicily akichuma chai, na mabomba yakamalizwa na watu wengine. Mkwewe aliwakatia kipande cha shamba chini ya msitu. Na mwanamume anayelala juu ya shamba la kina mke wake hujifunza mapema kwamba ukweli una wenyewe.

"Mkwe wetu," tulikuwa tukimchokoza, "wewe ni Mmeru gani usiye na hasira?"

"Niliziacha kwa mama," angejibu. "Anazitumia zote."

Kitu kimoja tu alikipenda bila kungoja kuona kama wengine wanakipenda: fahali. Alikuwa fahali wa kikundi chetu, Tujikaze, mweusi tititi, na shingoni ana mzunguko mweupe kama kola ya kasisi. Tulimwita Askofu, na kusema kweli kazi aliifanya kwa bidii kuliko maaskofu wengi: nusu ya ndama wa Kibugu wamezaliwa wakiwa na kola. Mithika ndiye aliyemtunza. Alimkatia majani ya nepia, alimpangusa matope, alimwimbia nyimbo za Kimeru za ibada, na Askofu alitikisa masikio kila penye kiitikio.

Sasa, mheshimiwa mmoja akatangaza kwamba Jumamosi atatutembelea. Mwenyekiti wetu, Bundi, mwenye mashine ya kusaga unga na ndoto ya lami kupita mlangoni pake, akaitisha mkutano katika darasa la chekechea. Fikiria watu wazima wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni, wanaamua mambo ya nchi.

"Ndugu zangu," Bundi akasema, "siku hizi daktari anakuja na sindano, ng'ombe anapata mimba bila kelele. Fahali wa nini? Mheshimiwa ale nyama, barabara ije. Wanaokubali?"

Msitu ukaota. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa mti mmoja ndani yake. Nilikuwa na hamu ya supu.

Wakati huohuo Mithika akaingia mbio, amechelewa, nepia imemjaa nyweleni. Akaona mikono. Hakuuliza, mkono wake ukapaa wenyewe kama kuku aliyeguswa na kaa la moto. Ndipo akainama kwa Susan, mama wa chai na mandazi, akamnong'oneza:

"Tumepitisha nini?"

"Tumemchinja Askofu."

Nimeona watu wakipata habari za misiba, lakini uso ule sijauona tena.

"Wanaopinga?" Bundi akauliza kwa kutimiza tu. Mkono ukawa mmoja, umenyooka kama mlingoti. Wa Cicily, mama wa binti yao Ednah.

"Mwenyekiti, naomba rikonsida!"

"Mama Ednah, kaa chini. Wewe umeshindwa. Rikonsida ni ya mshindi."

Hapo alikuwa sawa, na ndicho kilichouma. Kanuni hiyo tuliachiwa na mwanzilishi wa kikundi, marehemu Mwalimu Kaimenyi, aliyezeekea kwenye mabaraza ya kanisa na kupenda taratibu kuliko chapati. Alitufundisha hivi: jambo likipita, limefungwa. Anayeweza kuliomba lirudi mezani ni mmoja wa wale waliolipitisha, akisimama na kukiri kwamba labda walikosea. Aliyeshindwa haruhusiwi, maana aliyeshindwa angeomba kila wiki mpaka kuku wazeeke. Kanuni nzuri! Tangu kikundi kianze, hakuna aliyewahi kuitumia. Nani ashinde halafu asimame kujutia ushindi mbele za watu?

"Ijumaa," Bundi akafunga, "tunakutana kugawana kazi. Nani visu, nani sufuria."

Kule nyumbani Cicily hakupiga kelele, na hapo ndipo Mithika alipoogopa. Alipika githeri ya mahindi na maharagwe, akapakua sahani ya mumewe vizuri na viazi juu, akatoka nayo, akaimwaga horini kwa fahali.

"Mama Ednah, na mimi?"

"Wewe si umeshinda? Kula ushindi. Mwache marehemu ashibe."

Kesho yake mchana Mithika akanijia. Hapa kijijini wananiita Digrii Nusu, kwa sababu nilikipungia chuo kikuu mkono kabla hakijanifukuza. Alinikuta zizini kwake, nimekuja kumuaga Askofu, na labda pia kumkadiria paja.

"Wee Digrii Nusu, hili neno la Kaimenyi ni la nini hasa? Ni la kuomba msamaha?"

Nikafurahi. Ada yote iliyoliwa na wale maprofesa, hatimaye ng'ombe ananidai jibu! Nikamwambia si msamaha. Waingereza huliandika reconsider. Walilipata kupitia kwa Wafaransa, nao walilitoa kwa Walatini, na wachimbaji wa maneno wengi wanasema kwenye mzizi wake kuna nyota. Ati mtu mwenye jambo zito aliinua macho akazikazia nyota kabla hajafungua mdomo. Halafu mbele yake wakabandika kipande cha kusema "tena."

"Kwa hivyo ni kutazama nyota mara ya pili."

"Eeh. Na kwa miaka mingi halikuwa na makali. Ulitazama tena, ukitaka ukabaki palepale. Lilipoingia mabarazani ndipo likaota meno: kurudisha mezani jambo mliloamua, mkijua linaweza kugeuka. Ile ya mshindi peke yake, wanasema walioikaza ni Wamarekani."

Mithika akakuna kola ya Askofu. "Hapa kwetu na huu ukungu, nyota tunazisikia redioni tu."

"Ndiyo maana tunapiga kura vile tunavyopiga."

Hakucheka. "Mke wangu alimtetea, na hawezi kusema. Mimi niliyemuuza ndiye mwenye ruhusa. Mungu ana mzaha."

"Utasimama?"

"Sijawahi kusimama peke yangu, ndugu yangu. Hata harusini nilisimama kwa sababu Cicily alisimama."

Ijumaa ikafika. Njuki alikuja na visu amevinoa hadi vinatabasamu. Susan akapewa matumbo. Kichwa kikaleta ugomvi mdogo. Bundi akawa anafunga mkutano, ndipo kiti kikalia kwaa! Mithika alikuwa wima, jasho linamtiririka kama aliyenyeshewa.

"Naomba…" akasema, akakwama.

"Ruhusa ya choo? Si uende tu, mkwe wetu."

Darasa likavunjika mbavu. Mithika akangoja kicheko kiishe, na kungoja kwake kule kwa miaka yote kukamfaa kwa mara ya kwanza.

"Naomba rikonsida."

Tukasikia Askofu akicheua kule nje, alikofungwa kwenye mwerezi.

"Na kwani wewe," Bundi akauliza polepole, akitafuta mlango wa kutokea, "juzi ulikuwa upande gani?"

"Alishinda!" darasa zima likapaza. "Mithika hushinda siku zote!"

"Nani anamuunga mkono?"

"Mimi!" Cicily akaruka kwa nguvu hata kiti cha chekechea kikaja naye, kimemng'ang'ania nyuma. Hakukijali. Alisimama hivyohivyo na kiti chake kama malkia aliyehama na enzi.

Bundi akageukia darasa. "Haya. Wanaotaka Askofu aishi?"

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna aliyelijua mpaka siku ile. Miaka yote Mithika alipokuwa akitutazama sisi ajue kura inaelekea wapi, na sisi tulikuwa tukimtazama yeye. Mkono wa Mithika ukiinuka, ulijua jambo limepita, unainua wako usije ukaachwa. Na siku hiyo hakukuna sikio. Hakukohoa. Alifumba macho kabisa, akauinua mkono wa kwanza, peke yake.

"Mithika ameinua," Susan akamnong'oneza jirani. "Hiyo imepita."

"Imepita?"

"Si unaona mkono?"

Wa Susan ukapanda. Wa Njuki ukapanda, kisu bado kimo kiganjani, waliokuwa karibu wakainama. Wangu ukapanda, supu na isamehewe. Kwaya yote ikapanda. Bundi akatazama kushoto, akatazama kulia, na kwa kuwa mwenyekiti hapendi kulala na walioshindwa, naye akainua.

Mithika akafumbua jicho moja. Msitu.

Jumamosi nyama ya mheshimiwa ilitoka kwa majogoo wa Bundi mwenyewe. Mgeni alikuwa bado anang'ata shingo ya mmoja wao pale Askofu alipotoa kichwa juu ya ua, kola yake nyeupe imeoshwa siku hiyo.

"Lo! Ng'ombe mzuri hivi," mheshimiwa akasema, "na mimi mnanipa kuku?"

Bundi akatazama sahani. Sisi sote tukamgeukia Mithika. Akakuna sikio, na moyo wangu ukaanguka. Kisha akaweka mfupa chini.

"Tulifikiria, mheshimiwa," akasema. "Halafu tukafikiria tena."

Wa kwanza kucheka alikuwa Cicily. Akainuka, akamwongezea mumewe paja.