Sauti Nzito ya Kaka

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, na jina lenyewe lilikuwa kama utani wa mtu asiye na huruma. Ili mwanamke awe shangazi lazima awe na kaka mwenye watoto, na kaka yake, ndugu pekee aliyezaliwa naye, alikufa kwa homa akiwa bado mwanafunzi. Hata hivyo hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa fundi wa mapazia, na fundi anayebishana na wateja atalala njaa.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani, meza ndefu ya kukatia, marobota ya vitambaa yaliyosimama ukutani. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, gitaa la umeme na redio kaseti. Redio na gitaa vilikuwa vya kaka. Alipokufa, mama yao alivifungia kabatini kwa kuwa hakuweza kuvitazama, vikakaa humo mpaka wazazi wote wawili walipokwisha kuzikwa. Shangazi alipolifungua kabati lile alikuwa mtu mzima, na sauti ya kaka ilikuwa imeshamtoka masikioni.

Akaipata kwenye kaseti iliyokuwa bado ndani ya redio. Kaka alikuwa amerekodi nyimbo za roki na metali kutoka redioni, ila si nyimbo nzima, maana subira hakuwa nayo. Alichotaka ni rifu tu, ule mkong'oto mfupi wa gitaa unaofungua wimbo na kujirudia mpaka unakuganda kichwani. Kati ya rifu na rifu alijitangaza mwenyewe. Kiingereza kilikuwa kikimpiga chenga, kwa hiyo majina aliyabuni: Mlango Mbovu, Lori Limekwama, Mbwa wa Jirani. "Mdogo wangu, usiguse kitufe," alisema mahali pamoja, kwa sauti nzito, ya taratibu, sauti ya mtu ambaye ukiwa na shida unakwenda kwake kwanza. "Sikiliza hii."

Shangazi akasikiliza, akajifunza. Alilegeza nyuzi za gitaa mpaka zikalingana na kaseti, akarudia rifu moja moja mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu za sindano. Kila jioni, akishafunga duka, alimwamkia kaka, akapiga naye, akamweleza habari za mteja aliyetaka pazia la mita nne litoshe dirisha la mita tano. Kwa hesabu alijua kwamba kaka alikufa mdogo. Lakini masikio hayajui hesabu, na masikioni mwake kaka alikuwa mkubwa wake, tena alizidi kuwa mkubwa kadiri yeye mwenyewe alivyozeeka. Hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye baada ya saa za kazi. Hilo tulitaje tu, halina haja ya kupambwa.

Siku moja walikuja wateja watatu kwa mpigo: muuguzi, mwalimu wa hesabu na mwanamke mmoja mkatisha tiketi za mabasi. Walikuwa na bendi, wakifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya duka la matairi, na majirani walikuwa wamechoka nao. Walitaka mapazia mazito ya kumeza kelele.

Jumamosi Shangazi akaenda kupima kuta. Alikuwa juu ya ngazi, futi mkononi, waliposhika vyombo. Muuguzi akapiga ngoma, mwalimu akaingia na besi, na mkatisha tiketi, aliyekuwa mwimbaji, akajaribu gitaa kwa kubahatisha kwa sababu mpiga gitaa wao alikuwa amehamishwa kazi. Shangazi nusura aanguke. Ulikuwa Mlango Mbovu. Ulikuwa unakwenda mbio kama unafukuzwa na polisi, lakini ulikuwa wenyewe.

"Hata mimi huo naupiga," akasema kutoka kule juu.

Walicheka, kisha wakaona hatanii. Wakampa gitaa. Akateremka, akalegeza nyuzi kama alivyozoea, akapiga. Vidole havikukosea hata mahali pamoja, na bado ilikuwa vurugu tupu: sauti yake chini, yao juu, wao wanafika, yeye ndiyo kwanza anatoka.

"Mama, mbona unaburuza?" akauliza muuguzi, kwa upole.

"Nyie ndio mnakimbia."

Mwimbaji akatoa simu, akautafuta wimbo wenyewe, akamsikilizisha. Ulikuwa unakimbia vilevile. Shangazi hakuwahi kuutafuta, na angeutafutaje wakati jina alilokuwa nalo ni Mlango Mbovu?

"Ulijifunzia wapi?" akauliza mwalimu.

"Kwenye kaseti. Nina redio ya zamani."

"Basi mkanda umelegea."

"Kaseti yangu haina shida yoyote."

"Si kaseti, mama. Ndani ya redio kuna kimkanda cha mpira, ndicho kinachozungusha. Kikilegea, kila kitu kinatoka polepole, tena kizito. Weka kipya, ujifunze upya, uje. Mkono unao. Sisi tunakuhitaji."

Sisi tunakuhitaji. Alitembea na maneno hayo karibu nusu ya safari ya kurudi, amefurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Ndipo akasimama katikati ya njia, mtu wa nyuma akamgonga. Kama kila kitu kilitoka kizito, na kaka je?

Akaanza kupiga danadana. Mapazia aliyashona, akayapeleka, akayatundika, akasema ana kazi nyingi. Jumamosi ikapita, na nyingine. Jioni aliiwasha redio, akamsikiliza kaka kwa wasiwasi, kama mtu anayemchunguza mgeni asije akamwibia. Akitengeneza redio, angepata watu watatu hai wa kupiga nao. Asipoitengeneza, angebaki na kaka huyu, mzito na mtulivu, ambaye huenda hakuwahi kuwapo. Aliogopa, na alijionea aibu kuogopa mpira.

Mwimbaji akampigia simu. "Shangazi, kiti chako kiko wazi bado. Tukimweka mtu mwingine usituseme."

"Msimweke mtu," akasema. "Jumamosi hii nakuja."

Asubuhi akapiga moyo konde, akaibeba redio mpaka kwa fundi redio wa sokoni. Mzee yule aliifungua, akatoa mpira uliolegea kama uzi wa pajama, akavisha mpya, akafunga skrubu. Kisha, kama wafanyavyo mafundi wote, akabonyeza kitufe ili ajaribu.

Rifu ikatoka mbio, kali, sawasawa na ile ya stoo. Ikakatika. Halafu kikatoka kisauti chembamba, cha haraka haraka, kinachopasuka katikati ya maneno kama cha mvulana anayebalehe. "Mdogo wangu, usiguse kitufe. Nimesema usiguse. Sikiliza hii." Kikacheka. Kwenye redio mbovu Shangazi hakuwahi kujua kwamba pale palikuwa na kicheko. Alidhani ni kikohozi.

Alishika ukingo wa meza. Mtu aliyekuwa akimwomba ushauri jioni zote zile alikuwa mtoto, na yeye, mwenye mvi, hakuwa na mkubwa tena duniani. Akatamani kumfunika shingo asipigwe na baridi. Akatamani kumuuliza kama amekula.

"Anajua kuongea huyu," akasema fundi, akitabasamu huku akifuta vumbi. "Ni mwanao?"

Jibu, kwamba ni kaka yake mkubwa, lilikuwa tayari mdomoni. Akafungua kinywa alitoe, likakataa.

"Ndiyo," akasema. "Ni wangu."

Fundi akanyoosha kidole kuizima redio, kazi ilikuwa imekwisha.

"Usimzime," akasema Shangazi. "Muache amalize."