Mchana Baba Yako Alipochimba

Mwanangu, nakumbuka siku moja kule Kibakwe, jua la mchana, nimelala ndani na mdogo wako mchanga, nasikia jembe likichimba nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nimetoka zahanati jana yake, nilikojifungua. Damu ilinitoka sana, nesi akaniambia mimba nyingine ya karibu itaniua. Nikamweleza baba yako. Akajibu, "Watoto anapanga Mungu. Mengine hayo mambo ya wanawake." Nikawa naogopa hata kulala naye.

Kwetu kondo la mtoto wanazika wanawake, mwanaume hasogei. Siku ile bibi yako, aliyekuwa amesikia yote, akampa baba yako, mwanawe wa kumzaa, jembe.

"Chimba."

"Mama, wenzangu watanicheka."

"Wacheke. Wewe chimba."

Nikachungulia dirishani. Upepo ulikuwa umetulia. Mbuzi wameacha kula, wamesimama wanamtazama. Bibi yako amekaa chini, anaimba kwa sauti ndogo ule wimbo wetu wa msibani, na ndani yake anataja jina langu. Nikajishika kifua nione kama bado napumua.

"Mama, hapa pametosha."

"Refusha kidogo huku kwenye miguu."

"Kondo gani lina miguu?"

"Kondo nimeshazika asubuhi," akasema, wala hakuinua macho. "Hili kaburi la mkeo. Mimba ijayo utakuwa unalia, utapata wapi nguvu ya kuchimba?"

Jembe likaanguka. Baba yako akaingia na vumbi lake lote, akanishika unyayo, akaung'ang'ania kama anatafuta joto. Ndipo akauliza, "Zahanati wanafungua saa ngapi?"

Tulikwenda wote. Nesi alieleza njia zote za kupanga uzazi, na maswali mengi aliuliza baba yako, mpaka nikaona aibu. Tukachagua pamoja. Kanisani sijaacha kwenda, na Mungu sijamwona akinikasirikia.

Sasa umeoa, mtoto wenu bado ananyonya, na nasikia unasema kliniki ni mambo ya mkeo. Hapana, baba. Ingia naye kwa nesi, ukae, usikilize. Muulize mkeo anaogopa nini, halafu usimkatize. Mtoto mwingine aje mkiwa mmekubaliana wawili, na mwili wake ukiwa tayari.

Mungu akutunzie mkeo, mwanangu. Akupe sikio la kumsikia akiwa hai, mzeeke naye, muwabebe wajukuu wenu pamoja. Amina.